Namba Nzuri, Bili Ile Ile

Wageni wakija kwetu, cha kwanza kuonyeshwa ni ukuta. Skrini kubwa zimepangwa pamoja kwenye chumba cha uangalizi, zinaonyesha ramani ya ukumbi wa seva, kila raki na kisanduku chake, kijani, kijani, kijani. Juu upande wa kulia kuna namba moja imeandikwa kubwa kuliko zote. Bosi huinyooshea kidole na kueleza kwamba hapo ndipo tulipofikia. Wageni hupiga picha, hunywa soda zao, huondoka. Sisi wa zamu tunarudi ndani kuendelea kuziba tundu la sakafu kwa kipande cha boksi na selotepu, kwa sababu vifuniko vyenyewe vilivyoagizwa bado havijatoka bandarini.

Mimi ni fundi wa umeme na ubaridi kwenye kituo cha data hapa Dar es Salaam. Mambo ya ndani ya kompyuta siyajui sana na sijawahi kujifanya nayajua. Ninachojua ni seva inavuta ampea ngapi, inatema joto kiasi gani, na ikizimika ni nani atapiga simu ya kwanza na kwa lugha gani. Wapangaji wetu ni wa kila namna: wa fedha, wa intaneti, wa kubeti, wa hospitali. Ukituma pesa kwa simu ukiwa Mbagala au Tunduma, ombi lako linapita kwenye raki ndani ya jengo la namna hii, mashine imepoozwa na kompresa, umeme wake umelindwa na betri, na wewe husikii kitu. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Ndiyo maana pia hakuna anayejua tunavyoishi humo.

Programu ninayotaka kuizungumzia wenyewe huiita DCIM, programu ya kusimamia miundombinu ya kituo. Ahadi yake ni kukusanya mita zote, UPS zote zenye betri za akiba, mashine zote za ubaridi, vihisi vyote vya joto na orodha ya kila seva na mahali ilipo, ili uone umeme unapotelea wapi. Leseni hulipwa kwa dola, mara nyingi kwa hesabu ya raki, tena kila mwaka. Siipingi. Nimeiona ikifanya kazi na nitasema ni wapi. Ila kati ya siku inaponunuliwa na siku inapoanza kusema kweli kuna kazi ambayo haimo kwenye vipeperushi, na kazi hiyo huangukia watu wenye mikono michafu.

Nianze na ile namba kubwa. Inaitwa PUE, na hesabu yake haimshindi mtoto wa darasa la tano: chukua umeme wote ulioingia kwenye jengo, ugawanye kwa umeme uliofika kwenye seva na vifaa vya mtandao. Ukipata 2, maana yake kwa kila uniti iliyofanya kazi ya kompyuta, uniti nyingine imeliwa na kompresa, feni, UPS, taa na hasara za njiani. Ukipata 1, kagua mita zako. Ilitangazwa mwaka 2007 na The Green Grid, umoja wa makampuni ya teknolojia, na mwaka 2016 ikaingizwa kwenye viwango vya kimataifa vya ISO. Uptime Institute, ambao kila mwaka huwahoji wenye vituo sehemu mbalimbali za dunia, walipata wastani wa 2.5 mwaka 2007 na 1.56 mwaka 2024. Google wanasema vituo vyao viko karibu na 1.1. Ya kwetu sitaitaja, ila wageni wetu wengi hawaijui ile ya Google, kwa hiyo huwa inapendeza.

Kuna kipindi nasi tulikaribia kuwa Google. Programu ilikuwa imeunganishwa muda si mrefu, na asubuhi moja ukuta ukasoma 1.12. Hapa hapa Dar, na koili za juu ya paa zikiwa zimeliwa na chumvi ya bahari. Bosi alifurahi, taarifa ikapelekwa juu, na sidhani kama kuna aliyeuliza swali. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku, dada asiyependa makuu, akachukua klampu mita, akafungua paneli inayotoka UPS kwenda kwenye raki, akabana waya mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari. Ampea alizozipata zilikuwa pungufu sana kuliko zile za ukutani. Mita hupima mkondo mkubwa kwa kutumia pete tunazoziita CT, na ni lazima uiambie mita pete zako ni za uwiano gani. Zilizofungwa zilikuwa za 250 kwa 5. Aliyeweka mipangilio aliandika 400 kwa 5. Basi kila kilowati ya seva ilikuwa inahesabiwa kama kilowati 1.6, na PUE yetu halisi, iliyokuwa 1.8, ikagawanywa hivyo hivyo ikatoka 1.12.

Namba mbaya ingekaguliwa siku hiyo hiyo. Ile nzuri ilikaa.

Kazi ya kuunganisha ndiyo imejaa mambo ya namna hiyo. Mashine moja inaongea lugha ya Modbus, nyingine SNMP, na ile ya zamani haiongei chochote mpaka uinunulie kadi ambayo aliyeitengeneza ameshaacha kuiuza. Kila chombo kina jedwali lake la kueleza namba ipi iko kwenye rejista ipi. Ukikosea rejista moja unasoma volti ukidhani ni nyuzi joto, hiyo utaigundua haraka. Ukikosea sehemu ya desimali tu, unaweza kukaa nayo mwaka. Mtaalamu aliyeletwa na muuzaji alikuwa kijana mwelewa na mpole, lakini tiketi yake ya ndege ya kurudi ilikuwa na tarehe. Alivyoondoka, raki nyingi kwenye programu zilikuwa na majina tofauti na yale yaliyobandikwa kwenye milango yake, kwa kuwa alitumia faili la eksel alilopewa na ofisi, na faili lenyewe lilikuwa la kabla hatujahamisha safu nzima ya raki.

Hapo ndipo watu wa nje wanapokosea hesabu. Wanadhani programu inaona. Programu haioni, inasoma inachoandikiwa. Ramani ile ya ukutani imechorwa na mtu, na siku mpangaji anapokuja saa nane za usiku na kuhamisha seva yake kutoka raki hii kwenda ile, ramani haitajua mpaka mtu aingie na kuibadilisha. Tuna utaratibu wa fomu. Fomu hujazwa mchana.

Nitoe mfano uliotuumiza. Kila raki kwetu inalishwa na njia mbili za umeme, A na B, kila moja na UPS yake. Seva nzuri ina pawa saplai mbili, moja inachomekwa A na nyingine B, ili njia moja ikizimwa mashine iendelee bila kutetereka. Tulipanga matengenezo ya njia A, tukafungua programu, ikaonyesha kwamba kila kitu cha safu ile kina miguu miwili. Mpangaji akajulishwa, akakubali. Breka ya A ikashushwa, na sehemu ya raki moja ikanyamaza kabisa. Tulipopita nyuma na tochi tukakuta pawa saplai zote mbili za seva kadhaa zimechomekwa upande wa A. Aliyezifunga alitumia kebo fupi, na soketi za B zilikuwa mbali kidogo. Kwenye programu zilikuwa zimechorwa sawasawa, A na B, kwa sababu ndivyo fomu ilivyotaka. Mpangaji hakutaka kusikia habari za kebo fupi, na sikumlaumu.

Tangu wakati ule, kabla ya kushusha breka yoyote, tunapita kwa miguu nyuma ya kila raki na kufuata kila waya kwa kidole. Inachukua usiku mzima. Hakuna leseni ya dola inayofanya kazi hiyo.

Wauza programu wana hadithi yao waipendayo. Mwaka 2016 DeepMind waliruhusu akili mnemba ipendekeze namna ya kuendesha mitambo ya ubaridi ya Google, na umeme wa ubaridi ukapungua kwa asilimia 40. Ni habari ya kweli. Kinachorukwa wakati wa kuisimulia ni kwamba mitambo ile ilikuwa na maelfu ya vihisi vilivyokuwa vimekusanya kumbukumbu kwa muda mrefu, na watu wa kuvitunza. Sisi tulikuwa na kihisi kwenye safu ya katikati kilichosoma nyuzi 21.4 asubuhi, 21.4 mchana na 21.4 usiku wa manane. Joto la ukumbi wa seva halitulii hivyo. Likiwa zima linapanda na kushuka kwa vijisehemu kadiri kompresa zinavyowaka na kupumzika. Betri ya kihisi ilikuwa imekufa, na programu, badala ya kusema haijui, ilikuwa inarudia jibu la mwisho ililopewa. Kisanduku chake kilikuwa kijani. Siku hizi nikiingia zamu siangalii vilivyo vyekundu kwanza. Natafuta mstari ulionyooka mno.

Halafu kuna hali ya hewa yetu, ambayo programu nyingi zilizoandikwa ughaibuni hazina habari nayo. Jopo la ASHRAE, wahandisi wa Marekani ambao dunia nzima inafuata mwongozo wao, tangu 2008 wanashauri hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, kisizidi 15. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, unaweza usiku kuingiza hewa ya nje iliyochujwa na kuzipumzisha kompresa. Pwani huwezi. Miezi mingi ya mwaka kiwango cha umande Dar kinapita nyuzi 20, kwa hiyo ukifungulia hewa ya nje umeingiza maji na chumvi kwenye ukumbi wa vyuma. Pendekezo la "tumia hewa ya nje" lilitokea kwenye ripoti yetu ya kwanza kutoka kwenye programu, likiwa na makisio ya akiba pembeni. Mzee wetu wa ubaridi, aliyeanza na majokofu ya samaki kabla hajajua kompyuta ni nini, aliisoma ile karatasi akaikunja. "Mwanangu," akaniambia, "hii mashine haijawahi kufika soko la samaki la Feri."

Mzee huyo huyo ndiye aliyegundua mashine zinazopigana. Mashine mbili za ubaridi zilisimama jirani. Moja ilikuwa inakausha hewa, kazi yake halali. Kihisi cha unyevu cha ya pili kilikuwa kimepotoka kwa uzee, kikadai hewa ni kavu mno, basi ikawa inachemsha maji kwenye kopo lake la mvuke na kuyapuliza ndani, ili jirani yake ayavute tena na kuyamwaga nje kwa bomba. Usiku na mchana. Kwenye ukuta zote mbili zilikuwa kijani, maana kila moja ilikuwa nzima na inatimiza ilichoagizwa. Mzee aliligundua kwa kuwa alisikia bomba la maji linatiririka kupita kawaida. Tulizima vinyevushi vyote vya ukumbi ule, na kwa pwani hii hatujawahi kuvihitaji tena.

Umeme mwingi wa ubaridi, niseme wazi, haupotei kwenye mambo makubwa. Unapotelea kwenye matundu. Raki ikiwa nusu tupu na nafasi zake hazikuzibwa kwa vibao, hewa ya moto kutoka nyuma inazunguka na kurudi mbele kwenye mdomo wa seva. Kigae chenye matundu kikiwekwa kwenye ujia wa moto, ule wa nyuma ya raki, hewa baridi inapanda bila kumsaidia mtu na kurudi kwenye mashine ikiwa bado baridi, na mashine inadhani ukumbi uko salama. Tundu la kebo lisilofungwa chini ya raki ni vivyo hivyo. Unaweza kununua mashine za ubaridi mpya kila mwaka. Bila kuziba hayo unajaza maji kwenye pakacha. Kibao kimoja cha plastiki cha kuziba nafasi kina bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha mgeni mmoja. Lakini kibao hakipigwi picha.

Hapa programu ilitusaidia kweli. Baada ya vihisi kukaguliwa kimoja kimoja kwa kipimajoto cha mkononi, ramani ya joto ilionyesha raki zipi zinameza hewa yao wenyewe. Tulifuata orodha, tukaziba, tukahamisha vigae, tukapandisha kiwango cha ubaridi kutoka nyuzi 20 hadi 24. Kompresa zilianza kupumzika kwa vipindi ambavyo hatukuwahi kuviona. Ile ilikuwa kazi safi.

Ikaleta tamaa. Kama 24 imefaa, ofisi ikauliza, kwa nini tusiende 27, mwongozo si unaruhusu? Tukapanda taratibu. PUE ikazidi kupendeza. Lakini nilipoingia ukumbini nikasikia mlio umebadilika. Feni ndogo za ndani ya seva zilikuwa zinalia. Seva ikihisi joto mdomoni inaongeza kasi ya feni zake, na umeme wa feni hauongezeki sawa na kasi: ukizidisha kasi mara mbili, umeme unazidi mara nane. Sasa, umeme wa feni hizo unahesabiwa upande gani? Upande wa seva. Kwenye hesabu ya PUE umekwenda chini ya mstari, kwenye kigawanyo. Maana yake ulaji wa jengo zima unaweza kupanda huku namba ya ukutani ikishuka na kupendeza. Mwisho wa mwezi bili ilikuja na haikuwa ndogo kuliko ya mwezi uliotangulia. Tulirudi chini kidogo, mahali feni zilipoacha kelele, na namba ikaharibika kidogo, na ilibidi niandike maelezo ya ukurasa mzima kwa nini nimeiharibu.

Kuna lingine la ukoo huo huo, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka 2015 Jonathan Koomey wa Stanford na mwenzake Jon Taylor walichapisha uchunguzi wa maelfu ya seva, wakakuta karibu asilimia 30 hazijafanya kazi yoyote ya maana kwa nusu mwaka au zaidi, nazo zinawaka. Sishangai. Kwetu zipo. Mradi umekufa, mtaalamu aliyeufunga amehamia kampuni nyingine, mashine imebaki na taa zake. Seva isiyo na kazi haiachi kula. Inakula sehemu kubwa ya kile ingekula ikiwa na kazi, na joto lake linahitaji kompresa vilevile.

Tukiwauliza wapangaji kwa barua, wengi hawajibu. Mmoja alijibu neno moja: "Msiguse." Wachache walikubali tukazima.

Sasa piga hesabu, nitumie namba za duara. Seva zote zinakula kilowati 200, jengo zima 360. PUE ni 1.8. Zima seva hizo zisizo na kazi, zinazokula kilowati 20. Ubaridi nao utapungua, lakini si kwa kiwango hicho hicho, kwa sababu feni kubwa, UPS na taa zinaendelea vilevile. Tuseme umepungua kwa kilowati 8. Sasa jengo linakula 332, seva 180. Gawanya: 1.84. Umeokoa kilowati 28 usiku na mchana, zaidi ya uniti 245,000 kwa mwaka, na namba ya ukutani imekuwa mbaya zaidi. Nimeshawahi kupigiwa simu na ofisi kwa jambo la namna hii. "Kaka, mbona leo tumepanda?" Nikaeleza. Nikaambiwa nieleze kwa maandishi. Ukimpima meneja kwa PUE, usitegemee akuruhusu uzime seva.

UPS nazo zina siri yao. Kwa kuwa kuna A na B, na kila upande lazima uweze kubeba mzigo wote peke yake, hakuna upande unaopaswa kupita nusu ya uwezo wake. Kituo kipya chenye wapangaji wachache kinaziendesha kwa robo au chini yake, na UPS yenye mzigo mdogo inapoteza sehemu kubwa zaidi ya umeme unaopita ndani yake. Programu ilishauri tuziweke kwenye hali ya kuokoa, ambapo umeme wa gridi unapita moja kwa moja mpaka utakapotetereka. Kwenye nchi ambayo gridi haitetereki ni ushauri mzuri. Mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, wakati wa mgao, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, umeme ulikuwa unakatika na kurudi kwa ratiba na bila ratiba. Hakuna aliyethubutu kukibonyeza kitufe kile. Hata leo hajatokea.

Miezi ile ndipo nilipoona ukuta unapofuka. Kila umeme ulipokatika, kabla jenereta hazijashika, ujumbe wa tahadhari ulimiminika: UPS hii imehamia kwenye betri, mashine ile imezima, imewaka, imezima tena. Mamia kwa dakika chache. Ndani ya lundo hilo kulikuwa na mmoja wa kweli, kwamba kompresa fulani haikuwaka tena umeme uliporudi, na ulikuwa umefukiwa na wenzake. Mara nyingine hakukuwa na ujumbe wowote, skrini zilisimama tu. Tulipochunguza tukakuta swichi ndogo inayokusanya habari za mita imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, isiyo na UPS. Chombo cha kutuambia umeme umekatika kilikuwa kinakufa umeme ukikatika. Kuirekebisha kulihitaji kebo ya mita kadhaa na nusu saa.

Dizeli sisemi sana. Atakayetaka kujua gharama ya mgao aje asimame na wenye lori la mafuta getini. Niseme tu kwamba mita yetu ya jumla ilikuwa imefungwa upande wa gridi, kabla ya swichi ya kubadilisha kwenda jenereta. Saa zote tulizoishi kwa dizeli, kwa programu jengo halikula kitu.

Kuhusu programu zenyewe, usidhani ukishanunua umepata cha kudumu. Mwaka 2021 Vertiv walitangaza kuachana na Trellis, mojawapo ya programu kubwa za aina hii, na walioweka kumbukumbu zao humo wakalazimika kuhama. Kwa orodha ya vifaa na kebo, vijana wetu wa mtandao wanatumia NetBox, iliyoanzia DigitalOcean na kutolewa bure mwaka 2016. Haina ukuta wa kuvutia. Wanaipenda kwa sababu wao wenyewe ndio wanaoijaza, na anayebadilisha waya ndiye anayebadilisha rekodi.

Nilisema nimeona programu ikifanya kazi. Ukiacha ile ramani ya joto, haikuwa ukutani, ilikuwa kwenye ankara. Zamani wapangaji wote walilipa bei moja kwa raki, umeme ukiwa ndani. Mpangaji wa hivyo hana sababu ya kuzima chochote. Mkataba mpya ulipokuja, baadhi yao walianza kulipa kwa kilowati wanazotumia, na namba hizo zinatoka kwenye soketi za ndani ya raki zao, kupitia programu ile ile. Ilibidi kwanza tupime soketi zote upya, safari hii kwa amri ya watu wa fedha, ambao ndani ya wiki mbili walitupatia vifaa tulivyoviomba kwa miaka.

Ankara ya kwanza ilipotoka, yule wa "Msiguse" alikuja mwenyewe. Hakusalimia vizuri. Alikuja na fundi wake na klampu yao, wakataka tufungue raki mbele yao. Wakapima kila waya, wakaandika, wakalinganisha na karatasi yetu, na tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutobishaniwa. Akasimama akiziangalia taa zile za kijani zinazopepesa kwenye seva za chini, akamwuliza fundi wake zile ni za nini. Fundi hakujua. Akapiga simu mbili, na aliowapigia nao hawakujua.

Jumamosi iliyofuata walirudi na toroli. PUE ya wiki ile ilipanda, na mimi nikafungua ukurasa mpya wa kuandika maelezo. Wale walio bado kwenye mkataba wa zamani, muda wao unaisha mwakani.